Fonti ya Brashi: Kabla Uichape Kwa Bango la Mtu, Soma Hii

Ukipita West Indies hapa Eldoret, cheki mabango vizuri. Saluni, kinyozi, msee wa keki: jina limelala upande, nene hapa, nyembamba pale, ni kama fundi alichovya brashi kwa rangi akaandika akiwa na haraka. Mara nyingi hakuna brashi iliguswa. Hiyo ni fonti.

Ile maarufu inaitwa Brush Script. Robert E. Smith aliichora 1942 kwa kampuni ya Marekani, American Type Founders, enzi za kuchapa na herufi za chuma. Ujanja wake uko kwa herufi ndogo: mkia wa moja unagusa inayofuata, kwa hivyo neno linakaa limeandikwa bila kuinua mkono. Mwaka wa 1953 Mfaransa Roger Excoffon akatoa Mistral, na hiyo aliitoa kwa mwandiko wake mwenyewe. Brush Script ikaja kuingia kwa Microsoft Office, na hivyo ndivyo ilifika hadi sayba ya mtaa wenu.

Sasa, pale wasee huchomeka. Herufi kubwa za fonti hizi zilichorwa za kuanzisha neno tu, si za kushikana. Andika jina lote kwa herufi kubwa uone, kila moja inajipinda kivyake. Mimi nilifanyia mama mmoja wa saluni hivyo, tena na namba ya simu nikaiweka kwa fonti hiyo hiyo. Bango likachapwa, likatundikwa, mtu wa kwanza kusimama akauliza kama wanauza dawa. Ganji ya kuchapa lingine ilitoka kwa mfuko wangu, na sikuwa na ganji.

Kwa hivyo ipe maneno mawili, matatu: jina la biashara, ya mbele ya tishati, kadi ya besdei. Bei, namba ya simu na ya till, weka fonti ya kawaida iliyosimama wima. Tangazo la matanga? Hapana, buda. Inakaa sherehe.

Na chunga leseni. Fonti nyingi za bure huko mtandaoni ni za matumizi yako binafsi tu, kazi ya kulipwa haimo. Ukitaka kulala usingizi, enda Google Fonts uchukue Pacifico ya Vernon Adams ama Kaushan Script ya Pablo Impallari. Zote ziko chini ya SIL Open Font License: chapa, uza tishati, fanyia mteja logo. Kile hukubaliwi ni kuuza faili ya fonti yenyewe peke yake.

Kama bado kuna fundi wa brashi mtaani kwenu, muulize bei yake kwanza. Utamjua kwa kuangalia "a" mbili kwa neno moja. Kwa fonti ya kawaida zinafanana kama mapacha. Zake hazifanani hata siku moja.