Redio ya mfukoni na mawe ya Kipushi

Familia zinapokimbia vita usiku, redio ndogo mara nyingi hubebwa pamoja na sufuria na godoro. Ndani ya redio hiyo mna historia inayogusa Kongo, nayo haianzii kwenye koltani.

Zamani redio ilikuwa sanduku zito. Ilifanya kazi kwa taa za kioo zilizokula umeme mwingi na kuungua upesi. Desemba 1947, katika maabara ya Bell Labs huko Marekani, John Bardeen na Walter Brattain walikuza sauti kwa kutumia kipande kidogo cha jemaniamu. Hiyo ni semikondakta: haipitishi umeme kama shaba, wala haiuzuii kama kioo, kwa hiyo mtu anaweza kuuongoza umeme ndani yake kama anavyofungua na kufunga bomba la maji. Kifaa hicho kiliitwa transista. Mwaka 1954 ikatoka Regency TR-1, redio ya transista 4 iliyoingia mfukoni.

Jemaniamu haichimbwi peke yake. Hujificha ndani ya madini mengine, hasa zinki. Kule Kipushi, karibu na Lubumbashi, kampuni ya Union Minière ilikuwa ikichimba shaba na zinki, na mawe yake yalikuwa na jemaniamu kuliko kawaida. Mwaka 1948 wataalamu walilipa jiwe moja la pale jina renierite, kwa heshima ya Mbelgiji Armand Renier. Wachimbaji waliolitoa chini ya ardhi hawakutajwa. Katika miaka ya 1950 Kipushi ilikuwa moja ya chemchemi kubwa za jemaniamu duniani.

Lakini njia ilikuwa inageuka. Jemaniamu ikipata joto huvujisha umeme. Silikoni huvumilia, tena hutoka kwenye mchanga, ambao kila nchi inao. Jack Kilby alipounganisha vifaa kadhaa juu ya kipande kimoja mwaka 1958, bado alitumia jemaniamu. Mwaka uliofuata Robert Noyce alionyesha njia ya silikoni, na hiyo ndiyo iliyoshinda. Simu ya leo ina mabilioni ya transista za silikoni. (Koltani ya Rubaya, inayosemwa sana, si ubongo wa simu: tantali yake hutengeneza vifaa vidogo vya kuhifadhi chaji.) Mgodi wa Kipushi ulisimama mwaka 1993.

Sasa jemaniamu inatafutwa tena, kwa kazi nyingine: nyaya za kioo zinazobeba intaneti, kamera zinazoona joto la mwili gizani, paneli za jua za satelaiti. Kamera hizo hutumika pia vitani. China, mzalishaji mkubwa, iliweka masharti ya kuiuza nje tangu Agosti 2023. Ndipo macho yakarudi Lubumbashi, kwenye kile kilima cheusi ambacho wakaaji wamekizoea, kilichoundwa na mabaki ya kiwanda cha shaba. Yaliyotupwa kama takataka yana jemaniamu.

Mwaka 2024 tawi la Gécamines lilianza kuisafirisha. Ilipelekwa Ubelgiji kusafishwa, kwa kampuni ya Umicore. Hadi mwaka 2001, kampuni hiyo iliitwa Union Minière.