Tamaa ya Kiti: Semei Kakungulu kati ya Mbale na Jinja

Wahenga walisema, tamaa mbele, mauti nyuma. Tukiutumia msemo huu darasani, mara nyingi tunafikiria fedha. Lakini historia ya mashariki mwa Uganda inatufundisha kwamba tamaa ya mali haianzii mfukoni kila mara. Katika insha hii nitaeleza maisha ya Semei Kakungulu, Mkristo aliyeanzisha mji wa Mbale, kisha nitayapima kwa mafundisho ya Ukristo kuhusu mali.

Kakungulu alikuwa mwindaji wa tembo na askari hodari. Alikuwa Mprotestanti, akapigania upande wa dini yake katika vita vilivyoanza Buganda mwaka 1888, akapewa vyeo vikubwa. Hata hivyo, mbele yake alisimama Katikiro Apolo Kagwa, naye pia Mprotestanti. Alipoona njia imezibwa, Kakungulu alielekea mashariki. Mwaka 1899 alishiriki kuwakamata wafalme Mwanga na Kabalega, na Waingereza wakamwona kuwa mtu wa kuwafaa.

Tusimlaumu peke yake. Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 ulitenga maili za mraba 8,000 kwa machifu na watu mashuhuri wapatao 1,000. Wengi wao walikuwa Wakristo waliosoma Injili. Wakulima walioishi katika ardhi hiyo waligeuka wapangaji. Kakungulu hakutaka kubaki nyuma. Tena alitaka zaidi ya shamba. Alitaka kuwa kabaka wa Bukedi.

Alijenga makao yake Budaka. Wafuasi wake Waganda walijenga ngome, wakachukua ng'ombe na kuwalazimisha wenyeji kuwaletea chakula na kuwafanyia kazi. Malalamiko yalizidi, na mwaka 1902 Waingereza walimwondoa Budaka. Badala yake walimpa maili za mraba 20 huko Mbale, katika nchi ya Wagisu. Hapo alichora barabara, akapanda migomba na mivule, na mji ukakua haraka. Serikali ilipouona umestawi, iliuchukua. Mwaka 1906 alipelekwa Jinja kuwa mkuu wa baraza la machifu wa Busoga, kazi aliyoifanya hadi 1913. Cheo kilikuwa kikubwa, lakini hakikuwa ufalme.

Je, Ukristo unasema nini? Mtume Paulo alipomwandikia Timotheo hakuihukumu fedha yenyewe, bali moyo unaoipenda. Kwa hiyo swali si Kakungulu alikuwa na ng'ombe wangapi, bali alikuwa tayari kumfanyia nini jirani yake ili awapate. Biblia ina kisa cha mfalme Ahabu, aliyetamani shamba la mizabibu la Nabothi. Nabothi alikataa kuliuza kwa sababu lilikuwa urithi wa baba zake, na kukataa huko kulimgharimu maisha. Naamini mzee yeyote wa Kigisu wa mwaka 1902 angekielewa kisa hicho bila kufafanuliwa.

Tatizo ni nani angemsimulia. Injili ilifika mashariki kwa Luganda, lugha ya watu walewale waliochukua ng'ombe. Wamisionari nao walipita katika nchi iliyofunguliwa kwa bunduki za Kakungulu. Ilikuwa vigumu kuhubiri dhidi ya tamaa huku ukitembea katika barabara iliyojengwa na tamaa hiyo.

Wapo watakaosema kwamba alileta maendeleo. Ni kweli, na mimi ninayesoma Mbale ninafaidika nayo. Lakini Zakayo, mtoza ushuru, hakumwambia Yesu kwamba amejenga mji. Aliahidi kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu. Hicho ndicho kipimo cha Kikristo: kurudisha. Machifu wa 1900 hawakurudisha, na serikali iliyowagawia haikurudisha.

Baadaye Kakungulu aliachana na wamisionari. Alijiunga na dini ya Malaki, na kufikia mwaka 1919 alikuwa amefuata Uyahudi. Wafuasi wake, Abayudaya, wapo Mbale mpaka leo. Wengine husema hasira yake kwa Waingereza ndiyo iliyomsukuma. Mimi naona si haki kuipunguza imani ya mtu hadi iwe hasira tu, kwani aliisoma Biblia kwa bidii yake mwenyewe. Alifariki mwaka 1928, bila taji.

Ukisafiri kwa basi kutoka Jinja kwenda Mbale kupitia Tirinyi, unapita Budaka. Safari moja inakuonyesha vituo vyote vitatu vya ndoto yake. Siku moja nilimsifia bibi yangu mivule ya Kakungulu. Akanijibu, "Ni mizuri, mjukuu wangu. Lakini aliipanda katika shamba la mtu." Sikuwa na la kuongeza, na insha hii imetokana na jibu hilo.