Linux kuhama diski: ilikotoka

Haya jamani, mtihani unakaribia na watu diski zimejaa. Jamaa wa chumba cha pili hapa hosteli kaniuliza: mradi wangu wa mwaka wa mwisho umo humo humo, nikinunua diski kubwa ni lazima niweke Linux upya? Jibu ni hapana. Ila kwa nini hapana, hiyo ni historia.

Agosti 25, 1991, Linus Torvalds, mwanafunzi kama sisi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, alitangaza kuwa anaunda mfumo wake. Akaonya kwamba huenda usikubali kamwe diski zaidi ya zile za AT, maana ndizo alizokuwa nazo. Faili zilihifadhiwa kwa mtindo wa Minix: mwisho megabaiti 64, jina la faili herufi 14. Yaani ukipata diski kubwa unaikatakata vipande! Aprili 1992 Rémy Card akaleta ext, gigabaiti 2. Januari 1993 ikafuata ext2, na ukuta huo ukavunjika.

Shida ikahamia kwenye kuwasha. LILO ilikumbuka kiini cha Linux kimekaa sehemu gani hasa ya diski. Ukinakili faili kwenda diski mpya, sehemu imebadilika, LILO haina habari, mashine haiwaki. GRUB ikaja na akili nyingine: inasoma faili yenyewe na kutafuta kiini kwa jina.

Yakabaki majina ya diski. Miaka ya 2000 hda nyingi ziligeuka sda, na fstab ya zamani ikapotea njia. Dawa ikawa UUID, namba ndefu inayokaa ndani ya diski, haijali umechomeka waya gani.

Basi kuhama leo ni hivi: nakili kwa rsync, andika UUID mpya kwenye fstab, weka GRUB upya. Ukitumia dd, UUID nayo inanakiliwa, kwa hiyo usiwashe mashine na diski zote mbili. Halafu panua sehemu yako na umalizie na resize2fs.

Angalizo: dd haiulizi mara mbili. Ukigeuza if na of, diski tupu inafuta mradi wako. Mradi uweke kwenye flashi kwanza, na diski ya zamani usiiguse mpaka mpya izoee kazi.