Bamvua, Mwezi na Dunia Inayozunguka

Ndugu msomaji, ukitaka kujua bahari ya Malindi iko vipi usiku huu wa Ramadhan, huna haja ya redio. Tazama tarehe ya mwezi. Siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama, na tena baada ya mwezi mpevu, maji huwa bamvua: yakijaa yanajaa kweli, na yakipwa yanaacha mwamba mtupu hadi mbali. Kwenye tarehe 8 na 23 hivi ni maji mafu. Mvuvi wa Ngomeni anajua haya tangu utotoni, na anajua pia kwamba kila siku maji huchelewa kiasi cha dakika 50, kama mwezi wenyewe unavyochelewa.

Lakini kwa nini? Hapo ndipo wanavyuoni walipovutana kwa karne nyingi.

Wa kale, wakimfuata Ptolemy, walishika kwamba dunia imetulia katikati na mbingu ndizo zinazozunguka. Abu Maashar wa Balkh, aliyefariki mwaka 886, aliandika kwa urefu jinsi kupwa na kujaa kunavyofuata mwezi. Kitabu chake kilifasiriwa kwa Kilatini, na Wazungu wakasomea humo. Katika karne ya 11 al-Biruni akataja asturlabu ya al-Sijzi, iliyotengenezwa kwa fikra kwamba inayozunguka ni dunia. Aliona kuipinga fikra hiyo si kazi nyepesi.

Mwaka 1543 Copernicus akaliweka jua katikati. Baadhi ya hesabu zake zinafanana mno na za Ibn al-Shatir, aliyekuwa akipima nyakati za swala katika msikiti mkuu wa Damascus. Wenzetu wengine hapo hurukia kusema, "Ametuibia!" Pole pole, jamaa. Ibn al-Shatir aliiacha dunia palepale katikati. Kulihamisha jua ni kazi ya Copernicus.

Sasa njoo kwa Galileo. Yeye alitaka ushahidi kwamba dunia inakwenda, na katika kitabu chake cha 1632 akasema ushahidi ni bahari: dunia ikizunguka, maji yanasukwasukwa kama maji ya ndoo iliyobebwa. Kuhusu mwezi hakutaka hata kusikia, na akamshangaa Kepler kwa kuuamini. Shida ni kwamba hesabu yake ilitoa maji kujaa mara moja kwa siku. Mtoto yeyote wa pwani angemwambia ni mara mbili!

Aliyefungua fundo ni Newton, mwaka 1687. Mwezi unavuta maji ya upande wake kuliko unavyoivuta dunia, na unaivuta dunia kuliko maji ya upande wa pili. Kwa hiyo maji yanavimba pande zote mbili, na dunia ikizunguka tunapita kwenye vimbe zote mbili. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, jua linavuta kwa mstari mmoja nao, ndiyo bamvua. Mwezi ukiwa nusu wanavuta kwa kupingana, ndiyo maji mafu.

Basi Galileo alikosea kuhusu maji, lakini dunia kweli inazunguka, na faida ya mzunguko huo imetumika hapahapa kwetu. Kuanzia 1967 hadi 1988 Waitaliano walirusha roketi kutoka jukwaa la San Marco, baharini mbele ya Ngomeni. Hapa tuko karibu na ikweta, ambako ardhi yenyewe inakwenda mashariki kwa zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa. Roketi ikielekezwa mashariki inaondoka na kasi hiyo tayari, bure, bila kuchoma mafuta.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka 7 ya uhuru, iliruka setilaiti ya Wamarekani ya kwanza kabisa kutengenezwa kwa ajili ya kutafuta miale ya eksirei angani. Ilipewa jina Uhuru. Ilifanya kazi hadi 1973, na orodha yake ya mwisho ina vyanzo 339 vya miale hiyo.