Chomeka Isichomeke

Kitenzi "chomeka" kina maana mbili zinazokaa jirani mno. Ya kwanza ni kutia kitu kwenye tundu, kama plagi kwenye soketi. Ya pili ni kuungua. Kwetu mtaani Umoja, printa moja ya leza ilizipitia zote mbili kabla chai haijapoa. Binamu yangu aliibeba kutoka New Jersey, akainunulia adapta mjini, akaichomeka, nayo ikachomeka.

Neno adapta ndilo lililomponza. Kwa muuza vifaa vya stima, adapta ni kile kiplastiki kinachoiwezesha plagi ya Marekani, yenye miguu miwili bapa, kuingia kwenye soketi yetu ya matundu matatu. Kinabadilisha umbo, basi. Lakini adapta pia ndiyo tunavyoita kitofali cha kuchajia laptopu, ambacho hushusha umeme wa ukutani hadi volti 19 hivi. Jina moja, kazi tofauti kabisa.

Kilichohitaji kubadilishwa ni volteji. Volti, iliyopewa jina kwa heshima ya Alessandro Volta, Mwitaliano aliyevumbua betri mwaka 1800, ni kipimo. Volteji ndiyo inayopimwa, kama uzito unavyopimwa kwa kilo. Mtaani husikii volteji. Utasikia "nguvu ya stima", na hiyo inatuvuruga, kwa kuwa nguvu tunaihitaji kwa ajili ya wati. Mimi napendelea "msukumo". Mpangaji wa ghorofa ya tano Kayole ataelewa bila darasa: maji yamo bombani ila hayapandi, presha hakuna. (Ningesema "presha ya stima", ila watu wangekimbilia kliniki.)

Msukumo wa stima Kenya ni volti 240. Marekani ni 120, Japani 100. Laptopu haijali: soma maandishi madogo kwenye chaja yake, utakuta 100–240V, yaani hujirekebisha yenyewe. Kompyuta za mezani za zamani zilikuwa na swichi nyekundu mgongoni, 115 upande mmoja na 230 upande wa pili. Ukiisahau kwenye 115, saketi ya ndani huzidisha maradufu kilele cha msukumo, na 240 ya ukutani huwa karibu volti 680 za mkondo mnyoofu. Kapasita hupasuka kama fataki.

Printa ya leza ni kesi nyingine. Ndani yake mna hita inayoyeyushia wino wa unga kwenye karatasi, na hita hutengenezewa msukumo mmoja tu. Ukiupandisha maradufu, mkondo nao hupanda maradufu, na joto linakuwa mara nne. Hapo ndipo utofauti wa msukumo na nguvu unapodhihirika: volti zimeongezeka mara mbili, wati mara nne.

Printa ya binamu tuliipeleka kwa fundi, Kariobangi Light. Fundi aliifungua, akanusa, akacheka kidogo.

"Boss, hii ilitaka transfoma."

Binamu akageuka kutazama nguzo ya stima nje. Simlaumu. Huku kwetu Eastlands, transfoma ni moja tu, ile ya nguzoni ambayo ikilipuka stima zinapotea mtaa mzima na vinyozi wanakaa nje kupiga gumzo. Lakini kifaa ni kile kile: waya wa shaba uliozungushwa kwenye chuma mara nyingi upande mmoja na mara chache upande mwingine, ili msukumo ushuke. Ya nyumbani hutosha kubebwa mkononi, ilimradi wati zake zishinde za mashine. Kwa hapa, jina "kishusha volti" lingemsaidia mnunuzi kuliko transfoma, na lingemzuia kuridhika na adapta.

Fundi alitaja bei ya kishusha volti cha wati 1,500. Binamu akaitazama printa, akamwachia: atoe mota na roli, mengine atupe.