Kutoka Samora hadi Narung'ombe: Historia Iliyoandikwa Kwenye Mitaa ya Dar es Salaam

Barabara ya Samora, katikati ya Dar es Salaam, imebeba majina manne katika muda usiotimia karne moja. Wajerumani waliiita Unter den Akazien, yaani Chini ya Migunga, kwa kuiga Unter den Linden, barabara ya fahari ya Berlin. Waingereza walipouchukua mji wakaligeuza jina hilo kwa lugha yao, likawa Acacia Avenue. Baada ya uhuru wa 1961 ikaitwa Independence Avenue, na hatimaye ikapewa jina la Samora Machel, mpigania uhuru na rais wa kwanza wa Msumbiji. Barabara ni ile ile. Waliobadilika ni wenye mamlaka ya kuandika kibao.

Kila utawala uliopita Dar es Salaam ulisimika majina yake na kufuta ya waliotangulia. Hata hivyo, si majina yote yaliyoshuka kutoka ofisini. Mengine yametoka vinywani mwa wakazi, na mengine ni kumbukumbu ya watu wasio na kaburi linalojulikana. Makala hii inafuata mstari mmoja tu wa mji: kutoka Sanamu ya Askari, kupitia Mnara wa Saa na Mnazi Mmoja, hadi Kariakoo. Mtu huumaliza mwendo huo kwa miguu, na mitaa yake inabeba historia ya zaidi ya miaka mia moja.

Mji wa Sultani, mji wa Kaizari

Kabla ya mji palikuwa na Mzizima, kijiji cha wavuvi na wakulima. Katika miaka ya 1860 Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alianza kujenga hapa mji mpya wenye bandari tulivu, lakini alifariki mwaka 1870 na ujenzi ukalala. Kampuni ya Wajerumani ilifungua kituo chake mwaka 1887, na mwaka 1891 makao makuu ya koloni yakahamishwa kutoka Bagamoyo kuja Dar es Salaam.

Ndipo mitaa ilipoanza kuitwa Kijerumani. Ukingo wa bandari ulipewa jina la Kaizari Wilhelm, ukaitwa Wilhelms-Ufer. Waingereza waliubadili ukawa Azania Front, na leo ni Kivukoni, jina linalotokana na kivuko cha kwenda Kigamboni. Jina la Azania Front halikutoweka kabisa. Limehifadhiwa na Kanisa la Kilutheri lililojengwa kati ya 1898 na 1902, na waumini wake wengi hulitaja kila Jumapili bila kujua kwamba zamani lilikuwa jina la barabara iliyo mbele ya kanisa.

Mahali ilipo Sanamu ya Askari palikuwa na sanamu nyingine, ya Hermann von Wissmann, aliyeongoza jeshi la Wajerumani kuwavunja watu wa pwani waliopigana chini ya Abushiri bin Salim. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi Desemba 1889, na aliyemshinda akasimamishwa katikati ya mji mkuu ili kila mpita njia amwone. Waingereza waliuteka mji Septemba 1916, wakamwondoa Wissmann. Mwaka 1927 waliweka pale askari wa Kiafrika mwenye bunduki na singe, kumbukumbu ya askari na wapagazi waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza. Huo ulikuwa utawala wa kigeni ukifuta kumbukumbu ya utawala mwingine wa kigeni. Lakini kwa mara ya kwanza mtu aliyesimama pale katikati alikuwa Mwafrika.

Uzunguni, Uhindini, Uswahilini

Ukiiacha Sanamu ya Askari na kuifuata Samora kuelekea magharibi, unafika Mnara wa Saa, uliojengwa mwaka 1961 Dar es Salaam ilipopewa hadhi ya jiji. Hapa barabara zinagawanyika: moja ni Mtaa wa Nkrumah, nyingine ni Mtaa wa Uhuru.

Mtaa wa Nkrumah ulikuwa Araberstrasse enzi ya Wajerumani, na Arab Street enzi ya Waingereza. Jina hilo linaonyesha jinsi wakoloni walivyoupanga mji, kila kabila na rangi mahali pake. Wajerumani walianza kuugawa mji kwa kanuni za ujenzi za 1891, na miaka ya 1920 Waingereza wakaukaza mgawanyo huo kwa kanda tatu: upande wa mashariki nyumba za Wazungu, katikati maduka na makazi ya Wahindi, magharibi nyumba za Waafrika. Kati ya kanda ya pili na ya tatu uliachwa uwanja wazi, nao ni Mnazi Mmoja.

Watu wa mji hawakuhitaji ramani ya serikali ili kuuelewa mpango huo. Wao walisema Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na kila mtu alijua mipaka. Uwanja wa Mnazi Mmoja nao, uliokusudiwa kutenganisha watu, ukageuka kuwa mahali pao pa kukutania. Hapo palifanyika mikutano ya kudai uhuru, na leo pana mnara wa Mwenge wa Uhuru. Jina lake halikupewa na gavana yeyote, na kwa zaidi ya karne moja hakuna utawala uliothubutu kulibadilisha.

Majina ya uhuru

Uhuru ulipokuja, kalamu ilihamia mikononi mwa wenyeji. Arab Street ikawa Mtaa wa Nkrumah. Ring Street, ambayo Wajerumani waliiita Ringstrasse, ikawa Mtaa wa Jamhuri. New Street ikawa Mtaa wa Lumumba, kwa heshima ya Patrice Lumumba wa Kongo aliyeuawa Januari 1961. Palikuwa na sababu ya kuchagua mtaa huo. Ilikuwa New Street, katika ofisi ya chama cha TAA, ambako TANU, chama kilichoongoza kudai uhuru, kilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Mpaka leo ukisikia wanasiasa wakisema mambo yameamuliwa "Lumumba", wanazungumzia ofisi ndogo ya CCM iliyopo mtaa huo huo.

Majina haya hayakuwa pambo. Tangu 1963 Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika. FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, kilianzishwa katika jiji hili Juni 1962, na ofisi yake ilikuwa Mtaa wa Nkrumah. Kiongozi wake wa kwanza, Eduardo Mondlane, aliuawa hapa hapa Dar es Salaam tarehe 3 Februari 1969 kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu. Samora Machel, aliyeshika uongozi baada yake, aliifikisha Msumbiji kwenye uhuru Juni 1975. Kwa hiyo barabara kuu ya mji ilipopewa jina la Samora, jiji lilikuwa linamkumbuka mtu lililomhifadhi, si mgeni aliyesikika redioni.

Jambo jingine la kuliheshimu ni kwamba Dar es Salaam haikuwatupa marafiki zake walipoanguka. Kwame Nkrumah wa Ghana alipinduliwa Februari 1966, na mtaa wake umebaki wake. Haile Selassie wa Ethiopia aliondolewa madarakani mwaka 1974, na Barabara ya Haile Selassie bado ipo Oysterbay. Miji mingi ya Afrika ilibadilisha vibao kila serikali ilipogeuka. Hapa jina likishatolewa kwa heshima, limeheshimiwa.

Lakini si kila kilichofutwa kilikuwa cha mkoloni, na hapa inatupasa tuseme kweli. Mtaa wa Uhuru ulikuwa ukiitwa Kichwele, jina la Kiswahili kabisa, lililozoeleka kwa wakazi walioipita njia hiyo kila siku. Jina la Uhuru linastahili kuwapo kwenye njia hiyo, kwa kuwa watu waliipita kwenda mikutanoni Mnazi Mmoja. Hata hivyo Kichwele lilikuwa letu, na leo limebaki kwa wazee wachache na wanahistoria. Tulilifuta wenyewe, na hatukuandika kwenye kibao chochote kwamba lilikuwapo.

Kariakoo, makaburi yasiyo na mawe

Ukivuka Mnazi Mmoja na Mtaa wa Lumumba, unaingia Kariakoo. Wajerumani walikuwa wamejenga soko eneo hilo muda mfupi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza walipoingia mjini walilifanya eneo hilo kambi ya kikosi chao cha wapagazi, Carrier Corps, na jina la kikosi likageuka kinywani mwa watu kuwa Kariakoo. Nairobi nao wana Kariokor, kwa asili hiyo hiyo. Soko la sasa, kazi ya msanifu majengo Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975, likaungua Julai 2021, kisha likajengwa upya.

Wanunuzi wengi wanaopita hapa hawajui kwamba baadhi ya mitaa wanayoikanyaga ina majina ya viwanja vya vita. Narung'ombe ni mahali katika bara ya Kilwa palipopiganwa tarehe 19 Julai 1917. Tandamti ni kilima cha Tandamuti, karibu na Lindi, palipopiganwa mwaka huo huo. Mahiwa, pia upande wa Lindi, ndiko yalikopiganwa mapambano makali kuliko yote ya vita hiyo katika Afrika Mashariki, kuanzia tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917. Katika siku hizo nne upande wa Waingereza, uliokuwa na askari kutoka Nigeria, India na Afrika Mashariki, ulipoteza zaidi ya watu 2,000, kati ya waliouawa, waliojeruhiwa na waliotoweka.

Nyuma ya kila askari palikuwa na wapagazi. Mbung'o waliua farasi, punda na ng'ombe wa kuvuta mikokoteni, na kusini hapakuwa na reli, kwa hiyo risasi, mahema, dawa na chakula vilibebwa kichwani. Vijana walikusanywa vijijini, wengi kwa nguvu. Waliotoka nchi za baridi walipelekwa mabonde ya joto, waliozoea ndizi wakalishwa unga ambao haukuiva. Waliuawa zaidi na kuhara, malaria na nimonia kuliko walivyouawa na risasi. Pande zote mbili ziliwatumia, na jumla ya waliokufa ilifika makumi ya maelfu. Wengi wao walizikwa kando ya njia, na ndugu zao hawakupata kujua ni wapi.

Serikali iliyoyatoa majina ya Mahiwa na Narung'ombe huenda ilitaka kuadhimisha vita yake yenyewe. Lakini majina hayo yakatua katika mtaa uliobeba jina la wapagazi, kwenye nyumba za Waafrika, na wenyeji wakayafanya yao. Leo ni majina ya maduka ya vitambaa, simu na vyombo. Kwa maoni yangu hayo ndiyo majina yenye thamani kubwa kuliko yote katika jiji hili, kwa sababu waliokufa hawana kumbukumbu nyingine inayotamkwa na watu wengi kiasi hicho kila siku.

Majina ya karibuni

Kazi ya kubadilisha haijakoma. Barabara iliyoitwa City Drive ikawa Sokoine Drive, kwa heshima ya Waziri Mkuu Edward Sokoine aliyefariki kwa ajali Aprili 1984. Barabara ya Pugu ikawa ya Nyerere, ya Upanga ikawa ya Ali Hassan Mwinyi, na Bagamoyo ya zamani ikawa ya Mwai Kibaki. Ocean Road ilipewa jina la Barack Obama alipozuru nchi Julai 2013, ingawa hospitali ya saratani iliyopo hapo bado inaitwa Ocean Road.

Barabara inayopita kando ya Mnazi Mmoja inaitwa Bibi Titi Mohamed. Mama huyu aliwahamasisha wanawake wa Dar es Salaam kuingia TANU miaka ya 1950, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1970 akafungwa kwa kosa la uhaini, na baadaye akasamehewa. Jiji kumrudishia jina lake kwenye njia ya uwanja aliouhutubia ni haki iliyotendeka.

Lakini katika mabadiliko haya kuna hasara tusiyoipima. Pugu, Upanga na Bagamoyo ni majina yanayomwelekeza mtu anakokwenda. Viongozi wetu wanastahili heshima, na barabara mpya zinajengwa kila mwaka. Hakuna ulazima wa kuwapa heshima hiyo kwa kufuta jina la mahali.

Mwaka 2022 serikali iliendesha operesheni ya anwani za makazi nchi nzima, na mitaa mingi isiyo na jina ikapata nguzo na kibao. Ni kazi njema iliyobakiza hatua moja. Chini ya kila jina la kihistoria uandikwe mstari mfupi wa maelezo: jina hili ni la nani au la wapi, na kabla yake palikuwa na jina gani. Gharama yake ni rangi na kipande cha bati. Wenyeviti wa mitaa, madiwani na walimu wa historia wa jiji hili waanze na mitaa mitatu: Mahiwa, Tandamti na Narung'ombe. Nawe msomaji, kabla wazee wa mtaa wako hawajaondoka, waulize ulikuwa ukiitwaje, uandike.