Dodoma Haikumjua Mkwaju

Jumamosi iliyopita tulijikusanya sebuleni kwetu hapa Kikuyu, Dodoma: mimi, mama, na shoga yangu mmoja niliyesoma naye. Upepo nje ulikuwa unavuma ile mbaya, vumbi tupu, basi tukafunga madirisha tukaweka filamu ya mapenzi ya kuchekesha. Jina lake naliacha, maana kisa chenyewe mnakijua hata kama hamjaiona.

Mashoga wawili wa kufa na kuzikana. Mmoja kaolewa. Mwenziwe anakuja kula kwake, analala kwake, kumbe anatembea na mume wa mwenye nyumba! Saa nzima ni watu kujificha kabatini na mlinzi wa getini kupewa elfu kumi kumi asiseme. Siri inafichuka kwenye sherehe ya kuzaliwa. Mke analia dakika mbili, mume anapiga magoti, msaliti anaomba radhi, muziki unawekwa, wote wanacheza. Mwisho.

Mimi nilicheka, sikatai. Yule mlinzi ni balaa. Lakini shoga yangu hakucheka hata kidogo. Yaliwahi kumkuta hayo hayo, na filamu ilipokwisha akasema kwa sauti ya chini: "Mume niliachana naye nikapona. Yule mwingine ndiye niliyekuwa namhadithia."

Kimya. Kisha mama akaguna: "Siku hizi Mkwaju anapigiwa muziki."

Mkwaju? Mkwaju ndiye nani? Hapo ndipo Jumamosi yangu ilipogeuka somo la historia.

Mwaka 1993 Radio Tanzania Dar es Salaam ilianza kurusha mchezo wa kuigiza ulioitwa Twende na Wakati. Ulisikika mara mbili kwa wiki, nusu saa kila mara, saa kumi na mbili na nusu jioni, watu wametoka makazini na sufuria iko jikoni. Mkwaju alikuwa dereva wa lori. Mlevi, mwenye mke nyumbani na wanawake wengine njia nzima. Mkewe aliitwa Tunu. Mkwaju alipata UKIMWI. Tunu, aliyeanza kama mke wa kuvumilia tu, alifika mahali akasema basi, akaondoka na kuanzisha biashara yake ndogo.

Mbinu yenyewe haikuzaliwa Bongo. Ilitoka Mexico, kwa mtayarishaji Miguel Sabido, aliyeanza miaka ya 1970 kutunga tamthilia za televisheni zenye wahusika wa aina tatu: mwema, mbaya, na yule wa katikati anayebadilika taratibu mbele ya macho yetu. Mkwaju ni wa pili. Tunu ni wa tatu, na kwangu yeye ndiye moyo wa kisa.

Watu waliusikiliza sana. Katika maeneo uliporushwa, zaidi ya nusu ya watu waliohojiwa walikuwa wasikilizaji. Jina la Mkwaju likatoka redioni likaingia mitaani, mwanaume asiyetulia akawa anaitwa hivyo hivyo: Mkwaju.

Isipokuwa hapa kwetu.

Soma tena polepole. Redio ya Taifa ilikuwa na vituo vya kurushia matangazo sehemu mbalimbali za Bara, na vyote vilirusha mchezo huo ila kimoja: Dodoma. Kuanzia 1993 hadi 1995, saa ya Mkwaju ikifika, kituo cha Dodoma kilirusha vipindi vingine. Si mitambo iliyoharibika wala si bahati mbaya. Ilipangwa. Watafiti walitaka eneo la kulinganishia, na eneo hilo ndilo sisi.

Kwa nini? Ukimuuliza msikilizaji kama mchezo umembadilisha, atakwambia ndiyo. Asilimia 82 ya wasikilizaji walisema wamebadili mwenendo wao kujikinga na UKIMWI. Lakini nani atamwambia mtafiti aliyeshika kalamu kwamba yeye bado ni Mkwaju? Ndiyo maana ikahitajika sehemu isiyousikia. Walipolinganisha, waliousikia mchezo walikuwa wamepunguza idadi ya wapenzi na kuongeza matumizi ya kondomu kuliko watu wa Dodoma. Uzazi wa mpango nao ulipanda zaidi kwao. Mwaka 1995 Dodoma ikafunguliwa mchezo, na huku nako uzazi wa mpango ukaanza kupanda.

Kisayansi, safi kabisa. Lakini mimi niliyezaliwa na kukulia huku najiuliza. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligundulika Kagera mwaka 1983. Kufika 1993 kila ukoo ulikuwa unazika. Ni kweli watafiti hawakuwa na hakika kwamba mchezo ungefanya kazi, ndicho walichotaka kujua. Hata hivyo malori ya kwenda Rwanda na Burundi yalikuwa yakipita mkoa huu huu, na wake wa madereva hawa hawa hawakumsikia Tunu akifungasha.

Mama anakumbuka. Mwaka 1994 alikwenda Morogoro kumtembelea dada yake. Wako sokoni, akapita mwanaume mmoja, wanawake wakapiga kelele "Mkwajuuu!" wakaangua kicheko. Mama akadhani ndilo jina lake, akamwamkia kwa heshima zote: "Hujambo, kaka Mkwaju?" Soko zima likavunjika mbavu. Hadi leo dada yake anamtania kwa hilo!

Sasa rudi kwenye filamu yetu. Sisemi kila kichekesho kiwe somo la afya, Mungu apishe mbali. Kuna wanaume waliomcheka Mkwaju huku wakimwonea wivu, na mahubiri yakizidi watu huzima redio. Tena kuchekea michepuko ni jadi yetu, vikundi vya sanaa kama Muungano na TOT vilijaza kumbi za Dar kwa maigizo ya aina hiyo hiyo. Tatizo langu ni pale kisa kinapokatwa. Mchezo wa redio ulirudi baada ya siku chache, na Mkwaju alirudi na madeni yake, mwaka baada ya mwaka. Huwezi kumalizia kwenye muziki wakati wiki ijayo msikilizaji atauliza: haya, Tunu analala wapi? Filamu ya saa moja na nusu hailazimiki kujibu, kwa hiyo ikakimbia. Na mhusika aliyesahauliwa kuliko wote ni urafiki. Mume aliombewa msamaha, ndoa ikaokolewa, ushoga wa miaka yote ukafutwa kwa kukumbatiana mara moja.

Wakati namsindikiza shoga yangu kituoni nilimuuliza, kama angepewa hiyo filamu aitengeneze upya angebadili nini.

Akafikiri kidogo. "Ningeanzia kesho yake asubuhi," akasema. "Yule mke anaamka, anachukua simu ampigie mtu amweleze yaliyomkuta. Na namba pekee anayoikumbuka kwa kichwa ni ya yule yule."